Fisi Mwonjaji wa Gubiti

Mwaka mmoja, siku zile wanyama walipokuwa bado wanajipikia, kipupwe kiliteremka mlimani na jalidi, ule umande ulioganda, ikaunguza kila jani. Kwa Bi Sungura ilibaki miwa saba tu, na watoto wanne waliokuwa wakikohoa kwa zamu. Akakata shauri: aikamue, achemshe maji yake mpaka yawe gubiti, zile peremende ngumu, watoto wamumunye moja moja mpaka majani yaote tena.

Watoto walitwanga, wakakamua, wakapuliza moto. Harufu ikamleta jirani yao Fisi, ambaye miwa yake ilikuwa bado imesimama shambani.

"Shemeji, nimekuja kusaidia."

"Kuni zile pale. Zipasue."

"Mgongo huu, shemeji! Mimi nitaonja. Kuonja hakutaki mgongo."

Bi Sungura hakuwa na nguvu za kubishana. "Ncha ya mwiko tu."

Fisi akachovya mwiko mzima. "Bado." Akachovya tena. "Upande huu umeiva, upande ule bado." Alipomaliza kuonja pande zote za sufuria, ambayo ilikuwa ya duara, ilibaki nusu.

"Mama, inaisha!" kitindamimba akalia.

"Nyamaza, mtu mzima yuko kazini," alisema Fisi, akilamba ndevu.

Bi Sungura alitazama sufuria, akatazama watoto. Akadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likanata vidoleni kama ulimbo.

"Shemeji, imefika hatua ya kuonjwa kwa meno," alisema. "Ipoze majini, jaza kinywa, uume kwa nguvu. Mafundi wote hufanya hivyo."

"Unamfundisha nani? Mimi nimezaliwa fundi."

Akafinyanga donge la ukubwa wa ngumi, akalitumbukiza kinywani, akauma. Baridi ikamaliza kazi: gubiti ikawa jiwe, na meno ya juu yakashikana na ya chini.

Simba alikuwa akipita, kifua mbele. Watoto wakamkimbilia. "Mzee, Fisi amekula nusu ya akiba yetu!"

"Fisi, ni kweli?"

"Mmm! Mmm!" Fisi alivuta taya kwa mikono miwili, na kichwa kikawa kinapanda na kushuka.

"Amekubali. Utawapa watoto hawa miwa yote ya shambani kwako?"

"Mmmmm!"

"Leo hii?"

"Mmm! Mmm!"

Simba alifurahi mno. Tangu aanze kuamua kesi hakuwahi kukubaliwa haraka namna ile. Akaona ni kwa sababu ya sauti yake nzuri, akaondoka akiisikiliza.

Gubiti ilipoyeyuka, watoto walikuwa wanatoka shambani kwa Fisi na mzigo wa mwisho.

"Nilikuwa nakataa!" Fisi alibweka. "Shemeji, wewe ulijua nilikuwa nakataa!"

"Nitajuaje?" alijibu Bi Sungura, akiinjika sufuria upya. "Ulipoulizwa, chakula cha wanangu kilikuwa kimekujaa kinywani."