Siku Tisa za Mzee Ambakisye

Mama mmoja alikuwa akikamua mashuka ya nyumba ya wazee aliyokuwa akiitunza, yuko kwenye ndoo ya tatu, mpishi alipokuja kumwambia kwamba Mzee Ambakisye hali chakula, na tumbo lake limekaza kama ngoma.

Aliacha shuka majini. Masika yaliyopita mzee mwingine alianza hivyo hivyo. Walimfikisha hospitali utumbo umekwisha kuziba, wakarudi na nguo zake tu.

Mama huyu alikuwa mtunzaji mwema. Siku ya kwanza aliwaambia wazee, "Mimi ni mkamwana wenu," ili wajione wako kwao. Nao wakampokea hivyo. Lakini katika nchi ile mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, na baba mkwe hamtajii mambo ya choo. Kila asubuhi alimuuliza Ambakisye kama amepata choo, naye akajibu, "Salama, mkamwana." Na kwa kuwa hakuweza kutembea bila kushikwa mkono, mzee aliacha kunywa maji ili asihitaji kupelekwa naye chooni.

Sasa alimuuliza tena. Mzee akageukia ukutani. Hapo hofu ikamshika mama kweli: aliona mtu huyu atamfia huku akimjibu kwa adabu.

Akamleta Gwakisa, mzee kipofu wa rika moja na Ambakisye, akamwingiza ndani. Yeye akabaki nje ya mlango.

"We Ambakisye," Gwakisa akasema, "umegeuka ghala, unaweka tu hutoi?"

Sauti ndogo ikajibu: "Siku tisa, ndugu yangu. Ningemwambiaje mkamwana?"

Mganga wa zahanati alikuja na pikipiki. Alilibonyeza tumbo muda mrefu. Mwishowe akasema utumbo bado haujaziba, akapitisha dawa kwa nyuma. Mlinzi wa getini, mwanamume mwenye wajukuu, akapewa kazi ya kumshika mzee mkono. Mama alikaa kibarazani saa tatu nzima, akisikiliza mlango wa choo.

Jioni ziliandaliwa ndizi na maharage, papai, na kikombe cha maji kwa kila mmoja. Aliwahesabu wazee: kumi na wawili. Wote wapo, na Ambakisye anakunywa.

Nanyi mnaoongoza nyumba na makanisa, ni heshima gani mliyowadai watu wenu hata wakaona heri kufa kuliko kuwaambia wanapoumia?