Mbuzi Inauzwa

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa mnada, pakawa na mteja asiyesoma tangazo. Mnamjua?

Tunamjua.

Hamumjui. Ngojeni niwajulishe.

Hapo zamani, kabla ninyi hamjajisifu kwamba mmevumbua kitu, wanyama walikuwa na mtandao wao. Aliufuma Buibui, mti hadi mti, msitu mzima. Mwenye mali aliandika tangazo kwenye jani, akalitundika. Anayeitaka alivuta uzi, tinn. Anayemzidi, tinn tinn. Sharti la Buibui lilikuwa moja tu: malipo yanakaa kwake mpaka mnunuzi aione mali, aishike, aseme mwenyewe, nimeridhika.

Sasa, alikuwepo Bwana Chui. Mnunuzi hodari sana huyu, hodari kwa sababu hajawahi kulipa. Akipenda mali ya mtu humnong'oneza pembeni, tutoke nje ya mtandao bwana, tumalizane wenyewe, Buibui wa nini? Mali ikishafika kwake, malipo huwa ameshayatuma, ila uzi umelegea. Muuzaji asubiri. Na muuzaji, kwa adabu zake, anasubiri.

Bi Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mgongoni, alikuwa anasubiri tangu masika. Alimpa Chui mzinga wa asali, wakapatana debe moja la kumbikumbi waliokaushwa, chakula cha wanawe watatu wakati wa kiangazi. Akaenda kuulizia. "Mama, uzi umelegea." Akaenda tena. "Mama, uzi umelegea." Kiangazi kikaingia, watoto wakaanza kulamba mawe. Na kumbikumbi wenyewe walikuwepo. Chui alikuwa amemdhulumu debe hilo mtu mwingine, na kwa kuwa yeye hali wadudu, alilifanya kiti. Kila jioni anakalia kiangazi cha watoto wa watu, anajilamba makucha.

Lakini hata dhalimu ana wakwe. Chui alikuwa amepeleka posa, na wakwe walikuwa wanakuja Ijumaa kumtazama. Aliwatumia salamu, tena kwa maringo, kwamba watachinjiwa mbuzi. Katika ukoo ule, ukishataja mbuzi umetaja. Usipochinja, mke humpati, na hata dada zako wataulizwa habari zako.

Jumatano Chui akapita mtandaoni, akakuta jani jipya:

"Mbuzi inauzwa. Imekomaa. Ina miguu minne na meno makali. Haili majani, hailii usiku. Ni pole, hata ukiikalia haisemi. Uliza kabla hujanunua. Mimi Mama Watatu."

Chui alisoma neno la kwanza na la pili, akaanza kucheka. Inauzwa! Mbuzi inauzwa! Huyu Mama Watatu katoka bara gani, asiyejua kwamba mbuzi ni kiumbe, anauzwa? Akajiambia kwamba mtu asiyejua ngeli hawezi kujua bei. Hayo mengine kwenye jani aliyapitishia macho kama mtu apitaye msiba wa jirani. Haili majani, vizuri, hana gharama. Ukimkalia hasemi, vizuri zaidi, hatasumbua kuchinjwa.

Akavuta uzi, tinn. Upande wa pili Fisi naye akavuta, tinn tinn. Chui, tinn tinn tinn. Fisi, tinn tinn tinn tinn. Chui akaona huu sasa ni ujinga. Akaubana uzi, akanong'ona kwa muuzaji.

"Mama Watatu, tutoke nje ya mtandao."

Sauti ndogo ikajibu, "Buibui hatakasirika, baba?"

"Buibui ni dalali, mama. Anakula jasho lako."

"Haya. Ila huko nje nataka malipo kwanza."

"Mbona nimeshatuma? Uzi tu umelegea."

"Pole, baba. Basi nimpe Fisi. Yeye nasikia hatumii uzi, malipo anabeba kichwani."

Chui akawaona wakwe njiani, na Fisi akitafuna mbuzi. Jasho likamtoka mpaka kwenye madoa. Akauliza haraka, huyo mama anataka nini hasa.

"Debe la kumbikumbi."

Nusura Chui aangushe mtandao kwa kicheko. Mbuzi mzima kwa debe la wadudu! Akakubali kabla yule mama hajapata akili.

"Hutaki kuiona kwanza, baba?"

"Mbuzi ni mbuzi, mama," alisema Chui.

Wakakutana bila kuonana. Chui aliacha kiti chake, yaani debe, kwenye jabali jeusi, na alfajiri akakuta gunia limefungwa kamba. Akalitupa begani. Kwa-kwa-kwa, likasema gunia. Amekonda huyu, akawaza Chui, mifupa inagongana, lakini mchuzi utakuwepo. Kwa-kwa-kwa mpaka nyumbani. Hakulifungua. Alitaka wakwe wamshuhudie mwenyewe akimtoa mbuzi kwa mkono mmoja.

Ijumaa wakwe wakaja, mama mkwe mbele, baba mkwe nyuma na tumbo lililoshinda njaa kwa makusudi. Wakasalimiana, wakasifia nyumba. Chui akafungua kamba, akaingiza mkono, akavuta.

Kikatoka kibao. Kibao kimepandana na kibao, miguu minne, na mbele ulimi wa chuma wenye meno makali sana. Mbuzi. Mbuzi kamili, asiyekosa kitu. Mbuzi ya kukunia nazi.

Chui aliwaambia wageni anafuata chumvi, akakimbia kwa Buibui akiunguruma kwamba ametapeliwa. Buibui akalishusha lile jani, akamsomea polepole kama anayemsomea mtoto: i-na-u-zwa. Akamuuliza, biashara mlifanyia ndani au nje?

"Nje," alisema Chui.

"Nina miguu minane, Bwana Chui. Hakuna hata mmoja unaofika nje."

Pale pale uzi ukalia, tinn. Ilikuwa ile sauti ndogo, na nyuma yake watoto watatu wanatafuna, kacha-kacha-kacha.

"Bwana Chui, ni mimi Kalunguyeye. Malipo ya mzinga yamefika. Kweli uzi ulikuwa umelegea. Na mbuzi nimekupa bure, kwa ajili ya mchumba."

Chui akarudi kwake amenywea kama kuku wa mvua. Mama mkwe alikuwa bado amesimama, maana kiti hakukiona.

"Mwanangu, tuliambiwa kuna mbuzi. Yuko wapi?"

Chui akakisogeza kile kibao mbele yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema Kiswahili fasaha.

"Mbuzi ipo, mama. Karibu uikalie."

Basi funzo, jamani. Ukienda mnadani usisome tangazo, utaumiza macho bure. Usiulize maswali, watakudhania fukara. Toka nje ya mtandao upesi, huko ndiko waliko waaminifu, na mtu akikosea ngeli mcheke mpaka uchoke. Bwana Chui aliyafuata yote haya, na leo hii hana mke wa kumpigia kelele, wala hana shida ya pa kukaa.

Hadithi yangu nimeishusha begani. Iliyowanogea mkae nayo. Iliyowawasha mkae nayo vilevile, maana mali ikishauzwa hairudi.