Taa ya Babu Ambakisye

"Taa ya marehemu isile pumzi ya mzima." Jana mliisikia kwa majirani, mkaniuliza ilitoka wapi. Methali hii ilianza siku babu yenu Ambakisye alipotutoka, Jumanne ya mwezi wa sita, amekaa kitandani, kiatu kimoja kikiwa mguuni.

Wakati ule kijiji kilikuwa na betri moja kubwa, iliyojazwa na sola za kilimani. Chaji ikishuka mpaka nusu, nyumba zote zilikatwa. Nusu iliyobaki ilikuwa ya zahanati peke yake. Lakini wazee waliweka desturi: nyumba yenye msiba iunganishwe kwenye waya wa zahanati, taa ya marehemu isizimike kabla hajazikwa. Na hakuna aliyeweza kuikata bila ruhusa ya wafiwa. Tuliona ni heshima.

Maziko yalisogezwa mpaka Ijumaa, tukimsubiri baba yenu atoke safari. Ukungu ukashuka. Siku mbili sola hazikuona jua, na kwangu taa, friji mbili za nyama na spika za kwaya havikupumzika.

Alhamisi saa mbili asubuhi Lusekelo, mtunza betri, aliingia amelowa. Akamwinamia shemeji yangu Mwakalukwa.

"Baba, Atupele amejifungua kabla ya siku zake. Mtoto yuko kwenye mashine ya hewa. Betri imebaki asilimia kumi na moja. Niruhusu nikate huku."

"Ukate? Kaka yangu alale gizani kama kuku?"

"Giza gani asubuhi hii, baba?"

"Usinifundishe asubuhi! Ulipooa, nani alikuchangia ng'ombe? Leo unamnyima taa."

Mtu mmoja akacheka. "Mwacheni. Betri ndiyo mke wake wa pili."

Mimi nilikuwa mkekani. Kwetu mjane hasemi wala hasimami mpaka mumewe azikwe. Nikainamisha kichwa. Lusekelo akatoka, nami nikamwacha atoke.

Saa nne alirudi akikimbia. Safari hii hakumtazama shemeji. Alipiga magoti mbele ya mkeka wangu.

"Asilimia nne, mama. Nesi anasema mashine ikizimika, hana njia nyingine ya kumpa mtoto hewa. Sema wewe."

Spika zilikuwa zikiimba. Nilitazama mlango wa chumba alimolala babu yenu, mwanga wa taa ukipita chini yake. Nikasimama. Wanawake wakapiga mayowe.

"Shemeji, kaa chini! Unamtupa kaka?"

"Simtupi," nikasema. "Yeye hahemi tena. Yule anahema. Taa ya marehemu isile pumzi ya mzima."

Nikashusha swichi kubwa. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Lusekelo akarudi mbio kwenye betri, nasi tukabaki tumekaa, hatujui kama chaji ile itatosha. Saa tano. Saa sita. Saa nane hakuna aliyegusa chakula. Saa tisa ukungu ukapasuka, jua likapiga kilimani, na nesi akatuma neno: mtoto anahema, betri ilikuwa imebakiwa na asilimia moja.

Babu yenu tulimzika kesho yake. Shemeji hakunisemesha mpaka mwaka ukaisha.

Basi hapo ndipo ilipoanzia: taa ya marehemu isile pumzi ya mzima. Siku hizi mtu akifariki hapa kijijini, waya wa zahanati hauguswi, na kwaya huimba bila spika.