Jina la Binti wa Mwamvita

Kaeni karibu, niwape kesi iliyonishinda.

Tabora walikuwapo wanawake watatu, watafiti wa chuo. Nyamizi alijaliwa jicho: kilichofichika alikiona. Kulwa alijaliwa kuunganisha: vigae viwili vilivyotupwa mbalimbali, yeye alijua ni vya chungu kimoja. Sikitu alijaliwa ulimi: hata aliyeziba masikio alimsikia.

Kazi yao ilikuwa kuchunguza siri za watu zilizoibwa na kumwagwa mtandaoni, ili wengine wajifunze kujilinda.

Asubuhi moja Nyamizi akakuta daftari zima la wagonjwa wa zahanati, limeanikwa kila apitaye alisome. Zahanati yenyewe haikuwa na habari.

Kulwa akalipitia, akakwama kwenye mstari mmoja: “Mwamvita, mjamzito. Amemkimbia mumewe, Mashaka. Asiambiwe mtu anapokaa.” Pembeni, mtaa na namba ya simu. Akashuka hadi kwenye maoni ya wasomaji. Mmoja, aliyejiita Mashaka, alikuwa ameandika jana yake: “Nimempata wangu. Kesho nafika.”

“Kesho ndiyo leo,” Kulwa akasema.

Sikitu akapiga simu. Mwamvita akakata. Akapiga tena.

“Nani kakupa namba yangu?”

“Dada, usiniamini. Nenda tu kwa jirani, ukautazame mlango wako.”

Akaenda. Haikupita saa moja, kupitia pazia la jirani, akamwona Mashaka mlangoni pake. Mwanamume hakupiga kelele. Alibisha hodi polepole, akimwita kwa jina la utotoni, kama mtu aliyerudi kutoka sokoni. Alibisha hivyo hivyo mpaka polisi, walioitwa na jirani, walipomchukua.

Mwamvita akajifungua binti. Watatu wakaenda kumpongeza.

“Sina cha kuwapa ila jina,” akawaambia. “Nimwite nani kati yenu?”

“Nisingeliona daftari, tusingejua lolote,” akasema Nyamizi.

“Uliona daftari,” akajibu Kulwa. “Hatari niliiona mimi.”

“Na mngeitazama tu,” akasema Sikitu. “Nani alimtoa ndani?”

Mwamvita akamfunika mtoto. “Mume wangu alisoma siri yangu bila kuniuliza. Nanyi mliisoma bila kuniuliza. Nawashukuru, wallahi. Lakini mlipobisha hodi leo, nilijificha chini ya kitanda.”



Kesho mtoto anatimiza siku saba, na hana jina. Apewe la nani? Au asipewe la yeyote kati yao? Semeni nyinyi, mimi nimeshindwa.