Kiboko na Gamba Lililochubuka

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa bonde!
Bonde la nani?
— La wenye kiu!
Na anayesinzia?
— Hadithi impite!

Haya, sogeeni. Zamani, ila si zamani sana, maana Kiingereza kilikwisha kufika hadi porini, palikuwa na bonde lililopatwa na ukame. Mto ulibaki mchanga mtupu. Maji yalisalia mahali pamoja tu, kwenye dimbwi la Kiboko, na Kiboko alilala humo yeye na mkewe, hataki mtu. Ukitia ulimi, anakohoa. Ukitia mguu, anapiga miayo, nawe ukiliona lile domo unakumbuka kwenu.

Mwenye maji peke yake bonde zima, mngedhani ana raha. Hana. Alikuwa na wivu. Na aliyemwonea wivu ni nani? Nguchiro! Nguchiro yule mwembamba wa kwenye kichuguu, ambaye watoto wake walilamba umande juu ya mawe kila asubuhi.

Ilikuwa hivi. Kasuku aliwahi kufugwa barazani kwa mwalimu mmoja wa mjini. Akatoroka, akaja na Kiingereza chake. Akawachorea wanyama herufi kwenye magamba ya konokono, kila herufi na gamba lake, akayatia kapuni, ukawa mchezo wa kila jioni. Unatia mkono kapuni, chaka chaka chaka, unachota unachoweza kushika, unapanga mbele yako. Kisha unataja maneno ya Kiingereza yenye herufi zako zote. Neno likiwa na nyingine za ziada, hakuna ubaya. Likikosa hata moja kati ya zako, Kasuku anasema, "Limeanguka," na limeanguka. Mwenye maneno mengi anakalishwa kwenye jiwe la kivulini, na wote, wakubwa kwa wadogo, wanamwamkia shikamoo mwalimu.

Na kila jioni anayekaa kwenye jiwe ni Nguchiro.

Hilo lilimkereketa Kiboko. Yeye alichota magamba tele, asiambulie neno. Nguchiro alichota mawili kwa kijimkono chake, akataja maneno hadi Kasuku akachoka kuitikia. Kiboko hakujiuliza kwa nini. Mwenye wivu hajiulizi, hutazama tu mikono ya mwenzake. Akatazama, akatazama, akaamini kwamba kapuni mna herufi tamu, na yule mwembamba anazijua.

Nyumbani nako hakupata nafuu. Mkewe akirudi mchezoni hana habari nyingine. Nguchiro kasema hivi, Nguchiro kataja vile. Siku moja akaongeza, "Mdogo vile, baba watoto, na kichwa kimejaa."

Siku hiyo Kiboko hakula. Alijizamisha, chubwi, akabaki kutoa mapovu.

Kulipokucha akaenda kichuguuni. Nguchiro akamwamkia kwa adabu zote, naye akaitikia marahaba kama aliyetafuna mwiba. Akasema kwamba jioni watacheza wao wawili tu, bonde zima litazame. Nguchiro akishindwa, atahama na watoto wake, asionekane tena. Nguchiro akawatazama wanawe wenye midomo mikavu, akauliza kwa sauti ndogo, je, akishindwa bwana mkubwa?

"Mimi?" Kiboko akacheka hadi vumbi likaruka. "Nikishindwa mimi, dimbwi liwe la wote."

Nguchiro akainama, akalia, kwi kwi kwi. Akasema amekubali, kwa kuwa hana wa kumtetea. Na kwa kuwa desturi ni mkubwa kuchota kwanza, bwana mkubwa achote kadiri anavyopenda, ila amwachie mnyonge japo gamba moja.

"Moja nitakuachia."

"Ahsante, baba. Ila isiwe E."

"E ina nini?"

"Ni ya kila mtu, baba. Imeshikwashikwa hadi imechubuka. Niachie Q, au Z, zile safi ambazo watu hawazizoei. Ukiniachia E nitaaibika mbele ya watoto wangu."

Kiboko alirudi kwake akiimba. Kumbe Q! Kumbe Z! Miezi yote ile alikuwa akitafuta siri, na mjinga kaitema mwenyewe.

Jioni bonde likajaa. Kiboko hakutia mkono kapuni, alilipindua. Chaka chaka chaka, magamba yote yakawa rundo mbele ya tumbo lake. Akaitafuta E, akaishika kwa ncha ya kidole, akamtupia Nguchiro. Nguchiro akaangua kilio. Kiboko akasikia utamu hadi kwenye kucha.

Akaanza yeye. "Go," akasema.

Kasuku akainamia rundo. "Lina Q?"

"Halina," wanyama wakaitika.

"Lina Z?"

"Halina."

"Lina X?"

"Halina."

"Limeanguka."

Kiboko akakohoa. "Water," akasema.

"Lina Q?"

"Halina."

"Limeanguka."

Nguchiro akafuta machozi. Hakuhangaika kutafuta mbali. "Water," akasema.

"Lina E?"

"Linayo!"

"Limesimama."

Kiboko akataja lingine, likaanguka, Nguchiro akaliokota, likasimama. Akataja lingine, likaanguka, Nguchiro akaliokota, likasimama. Tree, limesimama. Bee, limesimama. Kila alilolikumbuka bwana mkubwa liligonga lile rundo, puu, likafa. Na maneno ya Kiboko yalipokwisha, Nguchiro akaendelea na yake, hana haraka, huku watoto wake wakiitikia "Linayo!" kwa sauti zilizokauka.

Hapo ndipo Kiboko alipoona. Akaomba apunguze magamba, abaki hata na mawili. Kasuku akamjibu kwamba kilichochotwa hakirudi kapuni, ndiyo sheria. Basi akakaa vivyo hivyo na herufi zake zote, safi, zinang'aa, na jicho lake halikubanduka kwenye lile gamba moja lililochubuka. Wivu uliomshika kwa ajili ya E ulizidi hata ule aliomwonea Nguchiro.

Dimbwi likafunguliwa. Aliyesogea wa kwanza akasema karibuni alikuwa mkewe. Watoto wa Nguchiro wakaingia chubwi, chubwi, chubwi, wakanywa hadi matumbo yakawa ngoma. Kiboko akazama, akaacha macho na pua tu.

"Ile E niliitupa mimi mwenyewe," akamwambia mkewe.

"Ndiyo, baba watoto. Angekuwa na Q, tungekuwa peke yetu humu."

Mpaka leo ukipita dimbwini utayaona yale macho juu ya maji. Watu husema ni joto. Joto gani? Anamtazama anayekunywa.

Hadithi yangu imetumbukia majini, mwenye kiu achote.
— Tumechota!
Mafunzo mnayataka?
— Tupe!
Basi shikeni. Huruma ni mbaya, watoto wangu. Kiboko wa watu aliponzwa na ukarimu. Ukitangulia kapuni chukua yote, na lile bovu usimwachie mwenzako.