Bi Pimbi na Kilatini cha Fisi

Wenzangu, mpo? — Tupo.
Masikio mmeyaweka wapi? — Kichwani.
Basi sogeeni, hadithi ipate pa kukaa. — Ije, ikae.

Hapo kale Fisi alijifunza maneno mawili ya Kilatini cha mahakamani, na kwa maneno hayo akawa anakula wenzake. Akamkamata Mbuzi. Mbuzi akauliza, "Kosa langu?" Fisi akasema, "Ipso facto." Mbuzi akanyamaza, akaliwa. Akamkamata Kanga. Kanga akauliza, "Kosa langu?" Fisi akasema, "Prima facie." Kanga akanyamaza, akaliwa.

Siku moja akamkamata mume wa Bi Pimbi, akamfungia pangoni anenepe kwanza.

Majirani wakasema, "Dada, kaa matanga tu. Yule anasema Kilatini."

"Mume wangu hajafa," akasema Bi Pimbi. "Nikae matanga ya nani?"

Akaenda, chakacha, chakacha, mpaka kwa Kasuku, karani wa mahakama. Siku tatu akafundishwa Kilatini. Siku ya nne hakimu Nyati akampa hati, naye akaipeleka pangoni.

"Bwana Fisi, nimeleta hati ya hakimu. Habeas corpus."

Fisi neno hilo hakulijua, lakini ataanzaje kusema? "Nisomee maana yake," akasema. "Macho yangu yana vumbi."

"Maana yake, 'uwe na mwili'."

Fisi akacheka, kwa-ha-ha. "Kumbe nimepewa mwili kisheria."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Ila uufikishe kwanza mbele ya hakimu, mzima, unapumua, usipungue hata ukucha."

Fisi akaona hiyo ni heshima kubwa. Akambeba Pimbi mgongoni, tifu, tifu, mpaka barazani, wanyama wote wakiangalia.

Nyati akauliza, "Mwili umefika. Umemfunga kwa kosa gani?"

Fisi akavimba. "Ipso facto."

Bi Pimbi akasimama. "Maana yake 'kwa jambo lenyewe'. Litaje hilo jambo."

Fisi akajikuna. "Prima facie."

"Maana yake 'kwa mtazamo wa kwanza'. Ulipomtazama mume wangu, uliona nini?"

"Niliona," akasema Fisi, mate yakimtoka, "niliona amenona."

Baraza zima likaangua kicheko. Nyati akapiga kwato, di. "Hilo si kosa. Mwachie."

Fisi akamgeukia Bi Pimbi, meno nje. Bi Pimbi hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Kuanzia leo," akamwambia, "kila utakayemkamata atakuuliza maana. Ukimla kabla hujajibu, tutakuja sote kukuuliza."

Fisi akaondoka na njaa yake. Pimbi na mkewe wakarudi kwao mwambani, na mume njia nzima akilalamika kwamba ananuka fisi.

Fundisho lake ni hili: enyi wadogo, msiulize maana ya maneno ya wakubwa. Mtawakosesha chakula.

Yangu nimeitua hapo. Aliyesikia aibebe, aliyesinzia amuulize jirani yake.