Kwa Nini Nyumba Yenye Msiba Haiwashi Moto

Wazee wetu walipokuwa bado wageni katika milima hii, aliyefiwa ndiye aliyepika. Watu walikuja kulia, wakalia, wakala, na chakula kilitoka kwake. Kwa hiyo kilio hakikutolewa mpaka chungu kiwe jikoni. Hakuna aliyeona vibaya. Walidhani ndiyo heshima ya marehemu.

Kijijini Kwemtindi waliishi Mhina na mkewe Mwantumu. Shamba lao lilikuwa la mawe, lakini walipendana, na Mungu aliwapa watoto. Wa kwanza, Salehe, alikufa kwa homa akiwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Wakachinja mbuzi wao. Wa pili, Mwanaidi, alimfuata kaka yake kabla mahindi hayajakomaa. Kuku wakaisha. Wakabaki Tatu, msichana wa miaka minne, na mdogo wake Shabani, aliyekuwa bado ananyonya.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Asubuhi moja, Mhina akiwa porini anachimba mizizi, Shabani alikata roho mgongoni mwa mama yake.

Mwantumu hakulia. Ndani kulikuwa na kibuyu kimoja cha mtama wa mbegu, na hicho ndicho kilichokuwa chakula cha Tatu cha mwaka unaokuja. Hakumshusha mtoto, maana Tatu angeona na kupiga kelele, na watu wangekuja jiko likiwa tupu. Akawasha moto, akabandika chungu cha maji, akafungua kibuyu.

Jirani yake, Mwanamkasi, mama wa makamo mwenye maneno mengi, akaja kuomba kaa la moto.

"Mwenzangu, unapika mbegu? Mvua ikinyesha mtapanda nini, vidole vya Mhina?"

"Nina wageni," Mwantumu akasema.

"Wageni gani nisiowajua? Hata mbwa akiingia kijiji hiki huja kuniamkia mimi kwanza."

Mwantumu akainama kuchochea kuni. Mwanamkasi akacheka, akanyoosha mkono kumvuta Shabani kidole cha mguu, kama alivyomfanyia kila siku. Kidole kilikuwa cha baridi. Akakishika, hakukiachia.

"Tangu saa ngapi, mwanangu?"

"Tangu jua lilipotoka."

"Na Tatu atakula nini?"

Mwantumu akakitazama kibuyu.

Mwanamkasi akafunga kibuyu, akakisukuma mvunguni. Kisha akaepua chungu na kumwaga maji yote juu ya moto, mpaka jivu likatapakaa miguuni mwao.

"Leo hapa hapapikwi," akasema. "Nipe mtoto nimshike. Wewe lia."

Mwantumu akalia. Akawalia wote watatu, maana wale wawili wa kwanza aliwazika huku anapakua.

Watu walipofika, Mwanamkasi alisimama mlangoni na mtoto kifuani. Kila aliyekuja mikono mitupu alimrudisha nyumbani akalete alichokuwa nacho. Wapo walionung'unika kwamba mama huyu anaharibu mila. Aliwaambia wanung'unike, lakini wakiwa njiani. Mhina aliporudi adhuhuri, alikuta ua umejaa vyungu vya wenzake. Akakaa chini.

Mvua zilinyesha mwezi uliofuata. Mtama ukapandwa, Tatu akala, akakua, akazaa.

Na tangu siku hiyo, nyumba ya huku kwetu ikifiwa, jirani wa kwanza kufika humwagia maji mafiga. Haombi ruhusa. Kwa siku tatu wafiwa hula vya watu, hata wakiwa na ghala lililojaa, na siku ya nne jirani yuleyule huwaletea kaa la moto kutoka jikoni kwake, akaketi nao mpaka uji uive. Mimi nimeletewa kaa hilo mara mbili. Uji wenyewe sikumbuki ladha yake, ila namkumbuka aliyeupuliza ukapoa. Mwenyezi Mungu amlipe.